Ufilipino imegawa mamilioni ya hekta: kwa nini mkulima wake bado hajainuka?

#1 Bin Mwinyi (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Naleta swali ambalo limenisumbua tangu nianze kufuatilia siasa za Asia ya Kusini-Mashariki. Serikali ya Ufilipino, kwa hesabu zake yenyewe, imekwishagawa takriban hekta milioni 4.8 kwa wakulima wanaokaribia milioni 3, kazi iliyoanza kwa kishindo mwaka 1972 na kupata sheria kubwa mwaka 1988. Kwa nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 na milima kila upande, hicho ni kipande kikubwa mno cha ardhi inayolimika. Hata hivyo kilimo kinachangia chini ya asilimia 10 ya pato la taifa huku kikibeba karibu robo ya wafanyakazi wote, na nchi hiyo hiyo yenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga pale Los Baños imekuwa miongoni mwa waagizaji wakubwa kabisa wa mchele duniani. Korea Kusini na Taiwan nazo ziligawa ardhi, na leo hazifanani nayo hata kidogo.

Dai langu ni kwamba familia zilizomiliki mashamba makubwa ndizo zilizokaa bungeni kutunga sheria ya kuyavunja mashamba hayo, na kila sheria ikatoka ikiwa na tundu la kupenyea. Anayeona nimekosea anieleze, ila aje na tarehe na vifungu.

#2 Karani Mstaafu

Mleta mada, naunga mkono hoja, ingawa umeanzia katikati. Wamarekani walipoichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania, walikuta mashirika ya watawa wa Kikatoliki yakimiliki mashamba makubwa sana kuzunguka Manila, na chuki ya wakulima dhidi ya watawa hao ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mapinduzi ya 1896. Mwaka 1903 gavana William Howard Taft, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alikamilisha ununuzi wa takriban hekta 166,000 za watawa kwa dola milioni 7 na ushei, kwa maelezo kwamba zingeuzwa kwa wapangaji waliokuwa wakizilima. Bei ikawashinda wapangaji walio wengi, na sehemu kubwa ikaishia mikononi mwa wenye fedha. Shamba la San Jose katika kisiwa cha Mindoro, lenye zaidi ya hekta 20,000, lilienda kwa wawekezaji wa sukari wa Kimarekani.

Wakati huo huo ukaletwa utaratibu wa hati za Torrens, yaani usajili rasmi wa ardhi kwa jina la mmiliki, ambao ulimfaa aliyejua kusoma, aliyeweza kumlipa mpima ardhi, na aliyekuwa na jamaa mahakamani. Wengine wengi walikuja kugundua kwamba mashamba waliyoyafyeka babu zao yalikuwa na hati yenye jina la mtu wasiyemjua.

#3 Nyundo

Mnazunguka sana. Rais Ferdinand Marcos ndiye aliyeanzisha mageuzi ya ardhi Ufilipino, na ndiye pekee aliyethubutu. Demokrasia yao haikuwahi kumgusa bwanyenye yeyote; ilihitajika amri ya kijeshi.

#4 Wakili wa Ngamiani

Mkuu Nyundo, hapo nakusahihisha kwa heshima. Rais Ramon Magsaysay alipata sheria ya mageuzi ya ardhi mwaka 1955, ingawa Bunge liliilegeza mpaka ikagusa tu mashamba ya watu binafsi yaliyozidi hekta 300, na hata hayo kwa masharti. Tarehe 8 Agosti 1963 Rais Diosdado Macapagal alitia saini sheria iliyofuta kilimo cha kugawana mavuno kati ya mwenye shamba na mpangaji, na iliyounda Benki ya Ardhi. Kikomo cha umiliki humo kilikuwa hekta 75, na utekelezaji wake ulikwenda kwa mwendo wa kusuasua.

Amri nambari 27 ya Marcos ni ya tarehe 21 Oktoba 1972, mwezi mmoja baada ya kutangazwa utawala wa kijeshi. Tuiangalie vizuri kabla ya kuisifu. Ilihusu mashamba ya mpunga na mahindi yenye wapangaji, basi. Mwenye shamba angebaki na hekta 7; mpangaji angepata hekta 3 zenye umwagiliaji au 5 zisizo nao, na angelipa mara mbili na nusu ya mavuno ya mwaka wa kawaida, kwa miaka 15 na riba ya asilimia 6. Miwa haikuguswa wala minazi. Kibarua wa kutwa ambaye hakuwa na mkataba wa upangaji hakuwa na lolote la kudai, na katika visiwa vya sukari vibarua ndio walio wengi.

#5 Nyundo

Wakili, sheria za 1955 na 1963 zilikuwa za kupigia kura. Kutoka hekta 75 hadi 7 ni tofauti kubwa, na wewe mwenyewe umeitaja. Wapangaji wa Luzon ya Kati, ukanda wa mpunga kaskazini mwa Manila, walipata hati kwa sababu ya amri ile.

#6 Karani Mstaafu

Kwa nini ilikuwa mpunga, tena Luzon ya Kati? Kwa sababu huko ndiko kulikozaliwa Hukbalahap, jeshi la wakulima lililoanzishwa Machi 1942 kupigana na Wajapani chini ya Luis Taruc. Vita vilipokwisha, Taruc na wenzake kadhaa walichaguliwa kihalali kuingia Bungeni mwaka 1946 wakazuiwa kukalia viti vyao, na kutokuwepo kwao kukarahisisha kupitishwa kwa mabadiliko ya katiba yaliyowapa Wamarekani haki sawa na wenyeji katika rasilimali za nchi. Uasi ulidumu hadi Taruc alipojisalimisha mwaka 1954. Mwaka 1969 likaibuka jeshi jipya la wakomunisti, nalo pia Tarlac, katika ukanda ule ule wa mpunga. Marcos alipeleka hati mahali palipokuwa na bunduki. Sioni ujasiri mkubwa hapo. Naona mtu anayezima moto ulioko mlangoni pake.

#7 Dada wa Muskati

Asanteni kwa mada. Mimi sina vifungu vya sheria, ila nafanya kazi na Wafilipino hapa Oman na tumekaa nyumba moja na baadhi yao, hivyo nitaeleza nilichosikia kwa mmoja anayetoka Negros Occidental, kisiwa cha sukari.

Baba yake alikuwa kibarua wa miwa. Miaka ya tisini yeye na vibarua wenzake walipewa hati, lakini ilikuwa hati moja ya pamoja yenye majina ya watu wengi, bila mipaka ya nani yuko wapi. Hawakuwa na trekta, hawakuwa na fedha za mbolea, na muwa ukishapandwa huwezi kula chochote mpaka uvunwe na kusagwa. Baada ya misimu michache wakamkodisha shamba mtu mwenye trekta na mwenye uhusiano na kiwanda. Mtu huyo anawalipa kodi kidogo kwa mwaka, kisha anawaajiri kwa ujira wa siku kulima shamba hilo hilo. Baba yake, mwenye ardhi kwa mujibu wa hati, anasubiri kuitwa kazini asubuhi. Na kati ya msimu mmoja wa kusaga na mwingine kuna miezi ambayo hakuna kazi kabisa, na ndipo madeni ya dukani yanapopanda.

Sasa niambieni, huyo aligawiwa ardhi au hakugawiwa?

#8 Mpunga wa Mbarali

Dada, hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri, maana wanasheria wakianza wanatuacha nje ya shamba. Mimi ni mkulima wa mpunga, na mbegu ya Komboka wanayoijua wakulima wengi wa kwetu ilitokana na kazi ya taasisi hiyo ya Los Baños, kwa hiyo nafuatilia habari zao kidogo.

Naona mleta mada ameweka mzigo wote kwa wanasiasa na kuusahau uchumi wa shamba lenyewe. Hekta moja na nusu ya mpunga bila mfereji wa uhakika, bila ghala na bila mkopo wa riba nafuu haimtoi mtu kwenye umasikini hata akiimiliki kwa hati ya dhahabu. Mwaka 1973 Ufilipino ilianzisha mpango wa Masagana 99, uliowapa wakulima wadogo mikopo bila dhamana ili wanunue mbegu za kisasa, mbolea na dawa. Mavuno yalipanda, na kabla ya muongo huo kwisha nchi ikafikia hata kuuza mchele kidogo nje. Kisha mikopo ikakosa kulipwa, benki za vijijini zikayumba, na mpango ukafifia. Funzo ninaloliona mimi ni kwamba pale msaada ulipokuwepo mkulima alizalisha, na ulipoondoka alirudi kwa mkopeshaji wa kijijini.

Na mwaka 2019 wakapitisha sheria iliyoondoa vizuizi vya kiasi cha mchele unaoingizwa na kuweka ushuru wa forodha badala yake. Mlaji wa Manila alipata nafuu. Mkulima wa Nueva Ecija akashuhudia bei ya mpunga ikishuka wakati wa mavuno. Sheria hiyo ilianzisha mfuko wa peso bilioni 10 kwa mwaka wa kuwapa mashine na mbegu, lakini mashine hazilimi bei.

#9 Kijana wa Likoni

Nimejifunza mengi, asanteni. Mbona hamjaitaja Hacienda Luisita, walipouawa wakulima 13 mwaka 1987 chini ya Corazon Aquino?

#10 Wakili wa Ngamiani

Kijana, umeunganisha matukio mawili. Tarehe 22 Januari 1987 wakulima walioandamana kudai mageuzi ya ardhi walipigwa risasi karibu na daraja la Mendiola, Manila, si mbali na ikulu. Idadi iliyothibitishwa rasmi ilikuwa 12, na kiongozi wao Jaime Tadeo alisema 13. Luisita ni mwaka 2004, tarehe 16 Novemba, wakati wa mgomo, na waliouawa walikuwa 7. Matukio haya mawili yana uhusiano, lakini si tukio moja.

Kwa kuwa umelitaja, niruhusuni nilieleze kwa kirefu, maana shamba hili moja lina historia nzima ya nchi ndani yake. Hacienda Luisita, zaidi ya hekta 6,400 za miwa mkoani Tarlac, lilikuwa la kampuni ya tumbaku ya Wahispania. Mwaka 1957 familia ya José Cojuangco ilianza kulinunua kwa msaada wa fedha za umma: Benki Kuu iliwezesha mkopo wa dola kwa ajili ya kiwanda, na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali ulitoa mkopo kwa ajili ya ardhi, kwa sharti kwamba ardhi igawiwe wakulima wadogo. Haikugawiwa. Mwaka 1980 serikali ya Marcos ilifungua kesi, na mwaka 1985 mahakama ya Manila ikaamuru ardhi ikabidhiwe wizara. Ndugu Nyundo atafurahi hapa, ila akumbuke kwamba binti wa familia hiyo, Corazon, alikuwa mke wa Benigno Aquino, mpinzani mkuu wa Marcos.

Corazon akawa rais mwaka 1986, na mwaka 1988 kesi ile ikafutwa kwa ombi la serikali yenyewe. Mwaka huo huo ikapita sheria kubwa ya mageuzi, CARP, yenye kifungu kilichoruhusu kampuni kuwapa wafanyakazi hisa badala ya ardhi. Luisita ikachagua hisa mwaka 1989. Wafanyakazi walitajwa kuwa wenye asilimia 33 ya kampuni, lakini hisa hizo zilitolewa kidogo kidogo kwa miaka 30, kwa kutegemea siku alizofanya kazi mtu. Na siku za kazi zilipangwa na uongozi. Hekta 500 zikabadilishwa matumizi kuwa eneo la viwanda na kuuzwa. Ujira ukapungua, mgomo ukaja, risasi zikafuata. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi mwaka 2011 na kuufunga Aprili 2012: hekta 4,915 zigawiwe wafanyakazi 6,296. Rais wakati huo alikuwa Benigno Aquino wa tatu, mtoto wa Corazon. Viwanja vikagawiwa kwa kuchezesha bahati nasibu.

#11 Bin Mwinyi (mleta mada)

Wakili, ahsante. Naongeza tarehe moja inayonipa nguvu. Kuanzia Machi 1986 hadi Julai 1987 Corazon Aquino alikuwa na mamlaka ya kutunga sheria peke yake, bila Bunge. Wakulima walimwomba ayatumie. Alitoa tangazo na amri ya mageuzi tarehe 22 Julai 1987, siku chache tu kabla ya Bunge jipya kukutana, na mambo mawili yenye uzito kuliko yote, yaani kikomo cha umiliki na ratiba ya utekelezaji, akayaachia Bunge hilo.

Bunge likaweka hekta 5 kwa mmiliki, pamoja na hekta 3 kwa kila mtoto wake mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea anayelima au kusimamia shamba. Mashamba ya kibiashara, kama ya ndizi, yakapewa muda wa miaka 10 kabla ya kuguswa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikaondoa ufugaji wa kuku na mifugo kwenye sheria, na mwaka 1995 Bunge likaondoa mabwawa ya samaki na kamba. Sasa mwenye shamba alikuwa na uchaguzi mpana: kuhesabu watoto, kuchimba mabwawa, au kuleta nguruwe.

#12 Mama Kuku Bora

Mimi nafuga kuku na sikujua kumbe nina silaha ya kisiasa. Endeleeni.

#13 Mkongwe wa Los Baños

Habari zenu. Nilisoma kilimo huko Los Baños, Laguna, na ninataka kulipinga wazo linalojirudia hapa kwamba ardhi ndiyo msingi wa nguvu za matajiri wa Ufilipino hadi leo.

Jirani na chuo kuna Calamba, alikozaliwa José Rizal, shujaa wa taifa. Familia yake ililima kwenye shamba la Wadominika, ikagombana nao juu ya kodi, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafukuzwa pamoja na majirani zake. Watu husimulia kana kwamba walikuwa masikini. Walikuwa wapangaji wakubwa waliowakodishia wengine wadogo, na tabaka hilo la katikati ndilo lililokuja kuwa na nchi. Ukipita leo eneo lile lile unakuta Canlubang, lililokuwa shamba la miwa la akina Yulo. Sehemu yake kubwa sasa ni mji mpya wa Nuvali, wenye maduka makubwa na nyumba za wenye uwezo. Makati nayo, kitovu cha mabenki ya Manila, ilikuwa shamba lililonunuliwa mwaka 1851 na ukoo uliozaa Ayala wa leo.

Kwa maneno mengine, wenye akili hawakusubiri sheria iwakute kwenye miwa. Waliligeuza shamba kuwa kiwanja, na kiwanja hakiguswi na mageuzi ya kilimo. Ukitaka kujua kwa nini mkulima hakuinuka, usitazame Bunge peke yake. Tazama pia jinsi mtaji ulivyohama kutoka shambani kwenda kwenye saruji, umeme, simu na bandari, ukamwacha mkulima na ardhi ambayo haikuwa na mvuto tena kwa mwenye fedha.

#14 Bin Mwinyi (mleta mada)

Mkongwe, hiyo inaniunga mkono zaidi kuliko kunipinga. Nani aliyeidhinisha kubadilisha matumizi ya ardhi? Sheria ya serikali za mitaa ya 1991 iliwapa mameya na madiwani uwezo wa kubadilisha hadhi ya ardhi ya kilimo kwa kiwango fulani, na mameya hao ni akina nani?

#15 Mkongwe wa Los Baños

Wakati mwingine ni wao, sikatai. Lakini usisahau kwamba hata wakulima waliopewa hati karibu na barabara kuu walitamani kuuza. Sheria iliwakataza kwa miaka 10, wakauza kwa mikataba ya pembeni kwa bei ya hasara. Huwezi kuyaita yote njama.

#16 Kassim wa Marjebi

Ndugu zangu, mmeitaja Korea na Taiwan kisha mkaziacha. Tofauti kubwa haimo kwenye vifungu. Japani ilifanyiwa mageuzi na jeshi la Marekani lililoishinda vitani. Taiwan ilifanyiwa na chama cha Kuomintang kilichokimbia kutoka bara na ambacho viongozi wake hawakuwa na mashamba kisiwani. Mwaka 1953 kiliwashurutisha wenye ardhi ya mpunga wabaki na takriban hekta 3, wakalipwa kwa hati fungani na hisa za viwanda vya serikali. Korea iliwaondoa Wajapani kwanza, kisha ikawa na hofu ya Kaskazini iliyokwishagawa ardhi. Katika nchi zote tatu aliyegawa hakuwa akigawa cha kwake.

Ufilipino Wamarekani walikuwepo, tena kwa nusu karne, na hawakufanya. Mwaka 1952 mtaalamu wao Robert Hardie aliandika ripoti iliyopendekeza kufutwa kwa upangaji karibu wote. Serikali ya Rais Quirino iliipinga ikaiita ya kikomunisti, na Hardie akarudishwa kwao. Jenerali wa Marekani MacArthur, huyo huyo aliyesimamia mageuzi Japani, alikuwa amemuunga mkono Manuel Roxas, mtu wa tabaka la juu, kurudi kwenye siasa za Manila.

#17 Nyundo

Ndiyo maana nikasema ilihitajika nguvu ya juu. Sasa mmefika nilipoanzia, tena kwa njia ndefu.

#18 Karani Mstaafu

Nyundo, nguvu ya juu peke yake haitoshi, na minazi ndiyo ushahidi. Chini ya utawala huo wa kijeshi kila mkulima wa nazi alikatwa tozo katika kila mauzo, kwa ahadi ya kuendeleza zao. Fedha zile zikanunua benki, na baadaye hisa nyingi katika San Miguel, kampuni kubwa ya bia na vyakula. Aliyeshika usukani alikuwa Eduardo Cojuangco, rafiki wa Marcos na binamu wa Corazon. Ukoo huo ulikuwa na mguu katika kila kambi. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2012 kwamba sehemu kubwa ya hisa hizo ni mali ya serikali kwa faida ya wakulima wa nazi, na sheria ya kuunda mfuko wao ilipatikana mwaka 2021. Wengi waliokatwa tozo miaka ya sabini walikuwa wamekwishafariki. Ukimpa mtu mmoja nguvu zote, atagawa ardhi ya wapinzani wake na kukusanya tozo kwa marafiki zake.

#19 Bi Zuhura

Naomba kuuliza kitu ambacho hakijaguswa. Hiyo Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini walipo Waislamu, imo wapi katika hesabu hizi?

#20 Wakili wa Ngamiani

Bi Zuhura, swali lako ni zito na lingestahili uzi wake. Kwa kifupi, serikali iliitumia Mindanao ili isiwaguse wenye mashamba wa Luzon na Visayas. Mwaka 1939 iliundwa mamlaka ya makazi iliyopeleka walowezi katika bonde la Koronadal, na Magsaysay akaendeleza kwa kuwapeleka huko hata wapiganaji wa Hukbalahap waliojisalimisha. Mpangaji aliyelalamika Pampanga alipewa ardhi Cotabato. Ardhi hiyo haikuwa tupu: ilikuwa ya Wamoro, yaani Waislamu wa huko, na ya makabila ya asili yanayoitwa kwa pamoja Walumad, ambao hawakuwa na hati za Torrens. Ndani ya vizazi viwili wakawa wachache katika sehemu nyingi za nchi yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vita vya chama cha ukombozi cha Nur Misuari vikaanza. Mamlaka ya Bangsamoro, eneo la Wamoro linalojitawala, iliyoanza mwaka 2019 ni tunda la safari hiyo ndefu.

Juu ya hapo kuna mananasi ya Del Monte huko Bukidnon tangu miaka ya 1920, na ndizi za Davao. Wakulima wengi wa ndizi waliopata hati wamefungwa na mikataba ya miaka mingi ya kuuza kwa kampuni moja, kwa bei iliyoandikwa siku ya kwanza.

#21 Mpunga wa Mbarali

Mbona hamtaji waliofanikiwa? Wakulima wa Sumilao, Bukidnon, walitembea mpaka Manila mwishoni mwa 2007, safari ya kilomita zipatazo 1,700 kwa miguu na vivuko, kudai hekta 144 zilizobadilishwa matumizi na kuuzwa. Mwaka 2008 walikubaliwa kurudishiwa hekta 50 katika eneo lenyewe, na nyingine zitafutwe jirani. Sheria ilikuwa ile ile, Bunge lile lile, matajiri wale wale. Kilichokuwa tofauti ni kwamba wakulima walijipanga na maaskofu wakawa nyuma yao.

#22 Bin Mwinyi (mleta mada)

Hekta 144, Mzee wangu, kwa kutembea nusu ya nchi. Kwa mwendo huo, hekta milioni moja zingehitaji viatu vingi.

#23 Mpunga wa Mbarali

Cheka tu. Wao wanalima.

#24 Kassim wa Marjebi

Suala la fidia nalo limepitiwa juu juu. Katiba ya 1987 inataka fidia ya haki, na kila aliyebishia thamani alikwenda mahakamani. Mwaka 1989 lilizuka shauri la shamba la Garchitorena, Camarines Sur: lilinunuliwa kwa chini ya peso milioni 4, na muda mfupi baadaye likakubaliwa kuuzwa kwa wizara kwa zaidi ya milioni 60. Waziri alilazimika kuondoka. Kwa bei za namna hiyo nani angemaliza kulipa? Mpokeaji wa CARP alitakiwa kurejesha kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6, na walio wengi hawakuweza.

#25 Nyundo

Na aliyewafutia madeni hayo ni nani? Ferdinand Marcos Mdogo, tarehe 7 Julai 2023: peso bilioni 57.56, wakulima zaidi ya 610,000, hekta zipatazo milioni 1.17. Watoto wa demokrasia walikuwa na miaka 36 ya kufanya hivyo.

#26 Karani Mstaafu

Ni kweli na ni jambo jema. Ila kumfutia mtu deni ambalo hakuwa akilipa hakumwongezei gunia ghalani. Na tukumbuke kwamba katiba hiyo hiyo ya 1987 ina kifungu kinachokataza koo za kisiasa "kama itakavyoelezwa na sheria", na sheria hiyo Bunge halijaipitisha mpaka leo, isipokuwa kwa mabaraza ya vijana. Rais wa sasa ni mtoto wa rais, aliyeshika kabla ya Rais Duterte alikuwa mtoto wa rais, na Gloria Arroyo, aliyeongeza muda wa CARP mwaka 2009, ni binti wa yule Macapagal wa 1963.

#27 Dada wa Muskati

Nimesoma wote. Wapo pia wa mashamba ya mpunga. Mwenzangu mwingine anatoka Iloilo, na ada ya wakala wa kumleta huku ilipatikana kwa kuweka shamba rehani. Kwao aliyekopesha hulima shamba hilo mpaka arudishiwe fedha zote. Hakuna riba, mavuno ndiyo riba. Kwa hiyo anatuma fedha nyumbani, sehemu inanunua mchele, sehemu inawekwa akiba ya kulikomboa shamba. Mwaka 2023 Wafilipino walioko nje walituma kwao zaidi ya dola bilioni 33 kupitia benki. Labda serikali yao haioni haraka ya kumwinua mkulima kwa sababu mtoto wa mkulima anafanya kazi hiyo kutoka huku.

#28 Mkongwe wa Los Baños

Dada, hiyo ni hoja nzito kuliko zote zilizoandikwa hapa, ingawa ningeigeuza: kuhama ndiko kulikopunguza shinikizo la mageuzi, kama Mindanao ilivyofanya zamani. Swali moja: yule wa Negros mwenye hati ya pamoja, je, wamefikiwa na mradi wa kuigawanya? Tangu 2020 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, inazivunja hati za pamoja ili kila mtu apate yake.

#29 Dada wa Muskati

Nimemuuliza leo. Anasema wapimaji walifika mwaka jana, na tangu hapo ndugu hawasemezani, kwa sababu kila mmoja anataka upande wa barabara. Baba yake anaogopa kwamba hati ikiwa ya mtu mmoja mmoja itakuwa rahisi zaidi kuwekwa rehani. Yule mwenye trekta ameshapita nyumba kwa nyumba akiwa na mikataba mipya ya kukodisha, safari hii kila mmoja asaini peke yake.

#30 Wakili wa Ngamiani

Dada, muulize kama mikataba hiyo imepelekwa wizara ya mageuzi ya kilimo kuidhinishwa, na kama kuna nakala aliyobaki nayo baba. Asisaini kabla ya hapo.